Krenki inayocheza: kutafuta vipuri vyake na kuvifunga

Baiskeli ikianza kugonga kila pedeli inapopita juu, wengi huenda moja kwa moja dukani kuulizia krenki mpya, yaani mkono unaoshika pedeli. Mara nyingi krenki yenyewe haina ubaya. Kilicholiwa ni pini, au gololi, au ni nati tu iliyolegea. Wengine nao huendelea kuendesha wiki nzima huku mkono wa pedeli unacheza, wakisubiri siku ya kwenda kwa fundi, na hapo ndipo hasara inapoingia: chuma kinasugua chuma kwa kila mzunguko, tundu la krenki linapanuka, ekseli (chuma cha katikati kinachounganisha krenki mbili) inalika, na kazi iliyokuwa ya pini moja inakuwa ya krenki na ekseli pamoja. Ukisikia mlio, kagua siku hiyo hiyo.

Maelezo haya yanamhusu zaidi mwenye baiskeli ya chuma ya kubebea mizigo na abiria, zile Phoenix, Hero, Avon na Raleigh, ambazo krenki zake hushikwa kwa kotapini, yaani pini inayopita katika mkono wa krenki. Baiskeli za mtumba kutoka Japani na Ulaya, zenye ekseli ya ncha za pembe nne, nazo zimo. Aina nyingine nitazipitia kwa haraka.

Tafuta kwanza kinachocheza

Iegemeze baiskeli ukutani au mpe mtu akushikie. Weka krenki zote mbili zilale sawa na ardhi, moja mbele na moja nyuma. Shika mkono wa kulia wa krenki kwa mkono wako mmoja na wa kushoto kwa mwingine, kisha usukume mmoja kuelekea kwenye fremu na uuvute nje. Angalia kinachotokea.

Mkono mmoja ukicheza na mwenzake ukatulia, tatizo liko pale krenki inapokutana na ekseli: pini imelegea, au pembe nne imeliwa. Mikono yote miwili ikicheza pamoja, yaani ukisukuma huu na ule unatoka, basi ekseli nzima inayumba ndani ya fremu, na cha kutazama ni gololi na vikombe vinavyozishika. Krenki ikiwa imara lakini pedeli inatikisika, ni gololi za pedeli au nyuzi za tundu lake, yaani mikato ya skrubu. Na kama hakuna kinachocheza ila sproketi (gurudumu la meno linalovuta mnyororo) inayumba kulia na kushoto unapoizungusha, imepinda au ribiti zinazoishika kwenye krenki zimelegea.

Kwa baiskeli ya pini kuna kipimo kingine kizuri zaidi. Funga breki, panda, simama juu ya pedeli krenki zikiwa zimelala, uzito wako wote ukae pale. Kisha zungusha nusu mzunguko, mguu uliokuwa mbele uwe nyuma, usimame tena. Ukisikia "tak" moja kila unapobadilisha, pini haishiki. Uzito wako unaisukuma krenki upande mmoja wa ekseli, halafu upande wa pili.

Ondoa pia mnyororo kwenye sproketi ya mbele, uzungushe krenki bure kwa vidole. Ikizunguka laini, gololi ni nzima. Ukihisi mkwaruzo kama mchanga, au inakwama na kuachia, kuna gololi iliyopasuka au kikombe kilichochimbika. Usifanye kipimo hiki mnyororo ukiwa umefungwa, kwa sababu mkwaruzo wa mnyororo na wa gurudumu la nyuma utakudanganya.

Ijue aina ya krenki yako

Tazama pale katikati, krenki inapoingia kwenye ekseli. Ukiona pini imepita katika mkono wa krenki, kichwa cha duara upande mmoja na nati ndogo upande wa pili, hiyo ni krenki ya kotapini. Ukiona bolti moja katikati ya mkono, ikielekea ndani ya ekseli, mara nyingi imefunikwa kwa kizibo cha plastiki, hiyo ni ya pembe nne. Ukiona chuma kimoja kimepinda kama herufi S, kimepita ndani ya fremu kutoka pedeli hii hadi ile bila kiungo, hiyo ni ya kipande kimoja. Iko kwenye BMX na baiskeli nyingi za watoto. Na ukiona ekseli nene yenye uwazi katikati, na mkono wa kushoto unabanwa kwa bolti mbili ndogo za pembeni, hiyo ni ya kisasa yenye ekseli ya milimita 24.

Vipuri vya aina moja haviingii kwenye nyingine. Muuzaji akikuambia "hii inaingia zote," mwombe mtangulie kujaribu hapo hapo dukani.

Vipimo vya kwenda navyo dukani

Ushauri wa kwanza ni kwenda na kipuri cha zamani mkononi, hata kama kimevunjika. Kukumbuka kwa kichwa hakusaidii, kwa maana tofauti zinazoleta matatizo hapa ni za nusu milimita. Kama una kalipa (kifaa cha kupimia unene), hata ya plastiki, nenda nayo.

Pini za krenki huja kwa unene zaidi ya mmoja. Baiskeli zilizofuata muundo wa Kiingereza hutumia pini ya milimita 9.5, ambayo ni inchi 3/8. Nyingi za bara la Ulaya zilitumia milimita 9, na ziko hata za 8.5. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea: pini ya 9 ikiwekwa kwenye tundu la 9.5 inaingia kwa ulaini kabisa, bila nyundo, na kwa macho inaonekana sawa. Baada ya siku mbili za kubeba mzigo itakuwa imejipinda. Pini sahihi inapenya tundu tupu la krenki bila kuyumba, na ikikutana na ekseli inakaza kabla haijafika mwisho.

Angalia pia chuma chake. Chukua tupa ndogo uiguse pini pembeni. Ikilika kama risasi, tupa ikizama kwa kugusa tu, iache. Pini nzuri inakubali tupa lakini kwa shida. Nunua nne badala ya mbili, kwa sababu ni kipuri cha bei ndogo kuliko vyote pale katikati, na mbili za akiba zikikaa kwenye mfuko wa spana zitakuokoa njiani.

Ekseli ipime urefu wote, halafu pima umbali kati ya njia mbili ambazo gololi hupita. Kipimo hicho cha pili ndicho kinachoamua kama itakaa ndani ya fremu yako, kwa kuwa mabomba ya katikati ya fremu hayana upana mmoja: yaliyo mengi yana milimita 68, ya baiskeli za milimani mengine yana 73, na Raleigh za zamani zina yake. Zingatia pia kwamba ekseli nyingi hazina pande sawa. Ncha ndefu huenda upande wa sproketi.

Vikombe vya gololi vina nyuzi, na nyuzi hizo nazo zina kabila zake. Kipimo kilichoenea duniani ni cha Kiingereza: inchi 1.37 kwa nyuzi 24 kwa inchi, na kikombe cha kulia kikiwa na nyuzi za kinyume, yaani kinafungwa kwa kugeuza kinyume na saa. Raleigh nyingi za zamani zina nyuzi 26 kwa inchi, na baiskeli za Italia na za zamani za Ufaransa zina vipimo vyao vinavyofungwa kwa mkondo wa kawaida pande zote mbili. Kikombe kipya kikikataa kuingia kwa vidole mizunguko miwili au mitatu, usikilazimishe kwa spana. Nyuzi za fremu zikikatika, fremu nzima imekwenda.

Krenki yenyewe, ukilazimika kuinunua, ina urefu uliogongwa nyuma yake karibu na tundu la pedeli: 165, 170 au 175. Hiyo ni milimita kutoka katikati ya ekseli hadi katikati ya pedeli. Iliyoenea zaidi ni 170. Mkono mmoja wa 170 na mwingine wa 175 utazunguka bila shida, ila magoti na kiuno vitalalamika kwa anayeendesha kutwa.

Kutoa pini ya zamani

Fungua nati ya pini mpaka uso wake ulingane na ncha ya pini, usiiondoe yote. Nati ikibaki pale inalinda nyuzi zisipondeke. Dondoshea mafuta ya kulainisha kutu kuzunguka pini pande zote mbili, uache yafanye kazi. Usiku mzima ni bora.

Sasa jambo ambalo mafundi wenye haraka hulisahau. Nyundo ikipiga pini hewani, pigo lote linapita kwenye ekseli na kuangukia gololi, na gololi zinachimba vikombe. Tafuta kipande cha bomba la chuma au gogo gumu, ukikate urefu unaotosha kusimama kutoka ardhini hadi chini ya krenki, kando tu ya kichwa cha pini. Kiwe kinagusa krenki na kubeba uzito wa baiskeli. Kama ni bomba, kichwa cha pini kiingie ndani ya uwazi wake, ili pini ikitoka ipate pa kwenda. Hapo pigo linashuka ardhini, gololi zinabaki salama.

Piga pigo moja zito lililonyooka, kwa nyundo nzito. Vipigo vidogo vingi vinapanua ncha ya pini kama kichwa cha uyoga na kuifanya ishindikane kabisa. Ikianza kusogea, ondoa nati na umalizie kwa kipande cha nondo chembamba kuliko tundu. Ikiwa imepinda na kukataa, kata ncha yenye nyuzi kwa msumeno wa chuma, kisha toboa katikati ya pini kwa drili, ukianzia keekee ya milimita 3 na kupanda taratibu. Pini ikishakuwa ganda, itatoka.

Kufunga pini mpya

Pini ina upande mmoja uliochongwa bapa kwa mteremko. Ubapa huo hukaa juu ya mtaro uliokatwa kwenye ekseli, na kadiri pini inavyosukumwa ndani ndivyo inavyokaza. Kazi yote ya kushika inafanywa na mteremko huo. Nati haina kazi ya kuivuta pini iingie; inaizuia isirudi nyuma. Ukiivuta kwa nati utakata nyuzi, au utadhani umekaza kumbe pini haijakaa. Kama kuna kitu kimoja cha kushika katika maelezo haya yote, ni hicho.

1. Safisha tundu la krenki na mtaro wa ekseli kwa kitambaa na mafuta ya taa. Pitisha kidole kwenye mtaro. Ukiwa na kingo zilizoinuka, zipunguze kwa tupa laini, kidogo tu.

2. Weka krenki kwenye ekseli, ingiza pini kwa mkono, na uangalie ubapa wake umeelekea mtaro. Inapaswa kubaki na sehemu nzuri ya kuingia kabla haijakaza. Ikikaza mapema mno, nyuzi zikiwa hazijatokeza upande wa pili vya kutosha kushika nati, itoe na upunguze ubapa kwa tupa. Piga tupa kwa urefu wote wa ubapa, kwa mwendo mmoja ulionyooka, ukihifadhi mteremko ule ule. Jaribu tena. Punguza kidogo, jaribu, punguza. Pini iliyopunguzwa kupita kiasi haina tiba.

3. Kagua alama ambazo ekseli imeacha kwenye ubapa. Ukipaka ubapa kalamu ya rangi kabla ya kuingiza, rangi itafutika pale panapogusana. Ikifutika kwenye ncha tu au ukingo tu, endelea kuchonga mpaka igusane sehemu kubwa.

4. Fanya hivyo kwa krenki ya pili. Mkono wa kulia ukiwa umeelekea juu, tazama nati iko upande gani, mbele au nyuma. Mkono wa kushoto ukielekea juu, nati yake iwe upande huo huo. Zikikosea, krenki mbili hazitakaa kwenye mstari mmoja. Pedeli moja itakuwa imetangulia kidogo na mguu utaihisi kila mzunguko. Krenki zikikataa kulingana hata baada ya kugeuza, pini moja imechongwa zaidi ya nyingine.

5. Paka tone la mafuta kwenye pini ili kutu isiigandishe na krenki. Weka tena bomba lako chini, safari hii chini ya upande ambao nati itakaa, ncha yenye nyuzi ikiingia kwenye uwazi wa bomba. Piga kichwa cha pini mapigo mawili matatu mazito. Sauti itabadilika: mwanzo ni ya uvivu, ikikaa inakuwa kali na fupi.

6. Weka washa na nati, ukaze kwa spana ndogo kwa nguvu ya kiganja. Nati hii ni ndogo, na mkono mrefu utaikata.

7. Endesha kidogo mtaani, usimame juu ya pedeli ukipanda kilima ukiweza, kisha rudi upige tena na ukaze nati tena. Nati itageuka zaidi ya ilivyokuwa, kwa sababu pini imekaa zaidi. Rudia kesho yake.

Hatua ya saba ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayoamua kama pini itadumu miezi au siku. Fundi mzuri anamwambia mteja arudi kesho akaze tena bila malipo. Asipokuambia, rudi mwenyewe.

Kuchomelea krenki

Najua jinsi inavyokuwa. Pini zimegoma, tundu limepanuka, mzigo wa mkaa unasubiri, na mtu wa kuchomelea yuko hatua chache tu. Anachomelea krenki kwenye ekseli na mlio unakoma. Lakini kuanzia hapo gololi hazibadiliki bila kukata, grisi haiwekwi, na moto wenyewe umelainisha chuma cha ekseli pale gololi zinapopita. Siku gololi zikiisha, unanunua krenki, ekseli na vikombe kwa mkupuo. Ukilazimika kuchomelea ili ufike nyumbani, chomelea upande wa kushoto peke yake: kulia kukibaki na pini, bado ekseli inaweza kutoka. Kipande cha bati la kopo kilichokunjwa na kubandikwa kati ya krenki na ekseli hakifai hata kwa siku moja ya kazi. Kinajipinda na kuila krenki kwa upande usio sawa.

Gololi na vikombe

Krenki zikiwa zimetoka, upande wa kushoto una ringi ya kufungia yenye mikato. Ilegeze, kisha fungua kikombe cha kushoto kama nati ya kawaida. Tandika kitambaa cheupe chini kabla, kwa maana gololi zitamwagika. Vuta ekseli itoke.

Kikombe cha kulia usikiguse kwanza. Kifute kikiwa pale pale ndani ya fremu, mulika kwa tochi. Ukiona njia ya gololi inang'aa sawasawa pande zote, kiache kama kilivyo. Ukiona mashimo madogo au ukingo uliomeguka, kinabadilishwa, na hapo kumbuka kwamba kwa nyuzi za Kiingereza kinafunguliwa kwa kugeuza kuelekea saa inakoelekea. Wengi wameipasua fremu kwa kukaza wakidhani wanafungua.

Kagua ekseli hivyo hivyo. Pitisha ukucha kwenye njia ya gololi. Ukucha ukidunda, ekseli imekwisha. Gololi badilisha zote kwa pamoja, pande zote mbili, hata kama mbovu ni moja. Zilizotumika zimeshapungua kidogo, na mpya zikichanganywa nazo zitabeba uzito wote peke yake. Za katikati kwa baiskeli nyingi ni za inchi 1/4, yaani milimita 6.35, na zikiwa huru bila keji (ringi inayozishika) kila upande huchukua 11. Usijaze mpaka zibanane. Ibaki nafasi ndogo.

Jaza kikombe grisi, panga gololi ndani yake zishikwe na grisi hiyo, ingiza ekseli ncha ndefu ikielekea kulia, kisha funga kikombe cha kushoto. Kaza mpaka ekseli iache kucheza, halafu rudisha kidogo sana ili izunguke laini. Kishike kikombe kisigeuke unapokaza ringi. Kukaza ringi kunakivuta kikombe nje kidogo, kwa hiyo pima tena baada ya kukaza. Kwa kawaida itakubidi urudie mara mbili au tatu, na ni sawa.

Maji ya mvua huingia kupitia bomba la kiti na kutuama hapo katikati. Kwa baiskeli inayolala nje, masika yakiisha fungua, osha, weka grisi mpya.

Ekseli ya pembe nne

Hapa huhitaji nyundo, unahitaji pula. Ni kifaa kidogo chenye nyuzi za milimita 22 kwa nje na bolti katikati, na kama unatunza baiskeli zaidi ya moja nyumbani, kinunue. Ng'oa kizibo, fungua bolti ya katikati kwa soketi ya 14 au alenki (spana ya pembe sita ya kuingiza ndani ya bolti) ya 8, na uhakikishe washa nayo imetoka. Washa ikibaki ndani, pula itaisukuma bure na kung'oa nyuzi za krenki. Funga pula kwa mkono mpaka mwisho kabisa wa nyuzi zake, kisha kaza bolti yake. Krenki itajivuta yenyewe.

Nyuzi za krenki zikishang'oka, na umekwisha kuamua kwamba mkono huo unatupwa, ondoa bolti na uendeshe polepole mtaani kwako mahali tambarare. Utalegea wenyewe. Mkono huo usiurudishe tena, kwa sababu tundu lake litakuwa limeharibika.

Mkono wa aluminiamu ulioendeshwa ukiwa umelegea hauponi. Pembe zake zimeshakuwa duara, na kukaza kwa nguvu kunasaidia siku chache tu. Habari njema ni kwamba mkono wa kushoto, ambao ndio hulegea zaidi, huuzwa peke yake bila sproketi. Unapouchagua, fahamu kwamba pembe nne ziko za viwango viwili: cha Kijapani, JIS, na cha ISO kilichotumika kwenye baiskeli nyingi za zamani za Italia na Ufaransa. Mteremko ni ule ule wa digrii 2, ila ncha ya ISO ni nyembamba kidogo. Krenki ya JIS kwenye ekseli ya ISO inazama ndani kama milimita 4 na nusu zaidi, inaweza kufika mwisho kabla ya kukaza. Utakaza bolti mpaka uchoke na bado itacheza. Ndiyo sababu, baada ya kuisukuma krenki mahali pake, uchungulie kabla ya kufunga bolti: ncha ya ekseli lazima iwe imezama ndani kidogo kuliko pale washa inapokaa. Zikilingana, umechukua isiyo yake.

Futa pembe nne mpaka zing'ae, paka grisi nyuzi za bolti, kisha kaza kwa nguvu ya Nm 35 hadi 45 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Kama huna spana ya kupimia, tumia spana yenye urefu wa sentimita 25 na uivute kwa nguvu inayotosha kuinua ndoo ya maji ya lita 15. Kaza tena baada ya siku chache za kuendesha. Na kama gololi zako ziko ndani ya katriji iliyofungwa, haifunguliwi. Inabadilishwa nzima, kwa kulinganisha upana wa bomba la fremu na urefu wa ekseli, kwa mfano 68 kwa 113.

Krenki ya kipande kimoja ni rahisi: toa pedeli ya kushoto, fungua nati na koni (kipande kinachobana gololi) za upande huo, zote kwa mkondo wa kinyume, kisha chomoa chuma chote kupitia kulia. Koni mpya ichague kwa kuilinganisha na ya zamani, kwa kuwa kuna za nyuzi 24 na za 28. Ile ya ekseli ya milimita 24 inalegezwa bolti mbili za pembeni na kizibo chake. Wakati wa kufunga, kizibo kinakazwa kwa vidole tu mpaka mchezo uishe, halafu bolti mbili kwa zamu, Nm 12 hadi 14.

Sproketi na mnyororo

Kwenye baiskeli za pini, sproketi na krenki ya kulia kwa kawaida ni kitu kimoja, na vinanunuliwa pamoja. Hesabu meno ya zamani kabla ya kwenda, uchukue idadi ile ile. Ukiongeza meno mbele, mwendo unaongezeka lakini kupanda na mzigo kunakuwa kugumu, na mnyororo unaweza kukosa urefu.

Sproketi inayofungwa kwa bolti inahitaji duara la matundu lilingane. Ikiwa na bolti nne, pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lililo jirani, zidisha kwa 1.414. Ikiwa na tano, zidisha kwa 1.701. Ukipata milimita 64.7 kwa bolti tano, duara lako ni 110, ukipata 76.4, ni 130. Kwa bolti nne, 73.6 ni duara la 104.

Kabla ya kulaumu sproketi, pima mnyororo. Weka rula katikati ya ribiti moja na uhesabu ribiti 24 mbele. Mnyororo mpya unafika inchi 12 kamili, sentimita 30.5. Ukizidi kwa milimita 1.5, badilisha mnyororo. Ukizidi kwa 3, meno nayo yameshachongoka kwa kuufuata, na mnyororo mpya utaruka juu yake. Baiskeli isiyo na gia za kubadilisha huchukua mnyororo mpana wa 1/2 kwa 1/8. Yenye gia, 1/2 kwa 3/32.

Kurudisha pedeli

Krenki nyingi zina tundu la inchi 9/16, kama milimita 14.3. Za kipande kimoja zina 1/2, milimita 12.7. Pedeli zimegongwa R na L kwenye ncha ya ekseli yake. Ya kulia inafungwa kwa mkondo wa kawaida, ya kushoto kwa kinyume, na zote mbili zinakaza ukizungusha juu ya ekseli kuelekea mbele ya baiskeli. Paka grisi nyuzi, anza kwa vidole mizunguko mitatu minne. Ikigoma kwa vidole, itoe uangalie herufi.

Mwisho, simama nyuma ya baiskeli, inama, na uangalie mnyororo kutoka sproketi ya nyuma hadi ya mbele. Uwe umenyooka. Ukienda upande, ekseli uliyonunua ni ndefu au fupi mno, au umeigeuza. Zungusha krenki mzunguko mzima uone kama inaacha nafasi kati yake na bomba la fremu. Milimita chache zinatosha, maana fremu hujipinda kidogo unapobeba mzigo. Ikigusa hata mara moja, tafuta ekseli nyingine kabla hujapakia.